Umepandisha kifurushi lakini spidi iko palepale: soma namba kabla hujanunua ruta

Ulikuwa na megabiti 20, ukapanda hadi 100. Meseji ya malipo imeingia, lakini video kwenye runinga bado inakwama na simu chumbani inasota vilevile. Wengi wakifika hapa huenda mjini kununua ruta mpya, au hupiga huduma kwa wateja na kuambiwa wazime na kuwasha. Njia hizo husaidia kwa kubahatisha.

Kifurushi kidogo huficha mengi. Ruta ya zamani, waya uliobanwa vibaya, ukuta wa tofali nene: vyote vilikuwa vinapitisha megabiti 20 bila shida. Ukipanda, kile kilicho dhaifu kuliko vingine ndicho kinachokuwa kikomo chako kipya. Uzuri ni kwamba kila kikomo kina namba yake, na ukipima vizuri utajua tatizo liko wapi kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza, hakikisha unalinganisha vitu vinavyolingana

Watoa huduma huuza kwa megabiti kwa sekunde. Kompyuta ikipakua faili huonyesha megabaiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa hesabu ya karatasini, na kwa kawaida utaona 11 na ushee. Faili la gigabaiti 1 litachukua kama dakika moja na nusu. Ukiona kompyuta imeandika 11 na wewe umelipia 100, huduma yako ni nzima.

Angalia pia kama kasi uliyonunua ni ya kupakua tu. Vifurushi vingine vina kasi ya kupakia iliyo ndogo zaidi, na anayefanya mikutano ya video au kutuma picha za wageni wa safari kutoka Arusha ataumia hapo hata kama kupakua kunaruka.

Kupima kwa namna inayoaminika

Kupima kwa simu ukiwa kitandani, milango miwili kutoka kwenye ruta, ni kupima ukuta. Fanya hivi.

Chukua laptopu yenye poti ya waya. Iunganishe moja kwa moja kwenye kiboksi cha faiba, yaani kile kinachoingiza waya mwembamba wenye kichwa cha kijani. Kama una ruta yako pembeni, iruke kwanza, mradi kiboksi chenyewe ndicho kinachoingia mtandaoni. Kama ruta ndiyo yenye jina na nenosiri la kuingilia, kiboksi peke yake hakitakupa intaneti. Pima kwenye poti ya ruta na ukumbuke hilo. Zima Wi-Fi ya laptopu ili isichague njia nyingine. Simamisha masasisho ya Windows na programu zinazopandisha picha mawinguni. Waambie walioko nyumbani wapumzike dakika tano.

Kabla ya kupima, fungua mipangilio ya mtandao wa waya kwenye laptopu usome kasi ya kiungo. Itaandikwa 1000/1000 au 100/100. Ikiwa 100/100 na umelipia megabiti 200, umeshapata jibu kabla ya kuanza. Laptopu nyembamba za siku hizi hazina poti ya waya, na adapta ndogo ya USB hutumika badala yake. Tahadhari, zile za USB 2.0 nyingi zina kikomo cha megabiti 100. Nunua ya USB 3.0 iliyoandikwa gigabiti.

Sasa pima kwa Speedtest, na uchague mwenyewe seva ya Arusha au Dar es Salaam. Programu ikikuchagulia seva ya nchi ya mbali, unapima barabara nzima na si laini yako. Pima mara tatu kwa siku: saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Andika tarehe, saa, seva, kupakua, kupakia na ucheleweshaji. Piga picha ya skrini kila mara, utaihitaji baadaye.

Namba inasema nini

Ukipata kasi yako ya zamani kabisa, mfano 19 au 20 muda wote, usiku na mchana, hilo si tatizo la mawimbi. Kitu kimekufungia hapo. Mara nyingi malipo yamepokelewa lakini profaili ya kasi kwenye mitambo ya mtoa huduma haijabadilishwa, au imebadilishwa na kiboksi chako bado kimeshikilia muunganisho wa zamani. Zima kiboksi kwa dakika tano, si sekunde tano, kisha washa. Ikibaki hivyohivyo, piga simu. Kuna sababu nyingine inayosahaulika sana: kwenye ruta yako kuna sehemu inaitwa QoS, ya kugawa kasi. Fundi aliyekufungia zamani huenda aliandika humo kwamba laini nzima ni megabiti 20, na ruta inamtii mpaka leo. Zima QoS, pima tena. Angalia pia masharti ya kifurushi kama kina kikomo cha matumizi ambacho ukikivuka kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi.

Ukipata 93 hadi 95 na haipandi, ilhali umelipia 150 au 200, namba hiyo ni alama ya kiungo cha megabiti 100. Kiungo cha aina hiyo, baada ya kutoa mzigo wa taarifa za njiani, hubakiza karibu 94. Mahali pa kutazama ni patatu: poti ya kiboksi, waya, na poti ya ruta.

Ukipata kasi kamili kwa waya lakini 30 hadi 50 kwa Wi-Fi, mtoa huduma hana kosa. Nenda kwenye Wi-Fi hapo chini.

Ukipata kasi kamili asubuhi na robo yake saa 3 usiku, tena kwa waya, ni msongamano. Majirani wote wamerudi kutoka kazini na mnagawana njia moja. Faiba ya nyumbani ya teknolojia ya GPON hugawa takriban gigabiti 2.5 za kupakua kwa nyumba zote zilizo kwenye mgawanyo mmoja, mara nyingi 32 au 64. Ruta mpya haitabadili hilo, hata ya bei gani. Hapo ndipo zile picha za skrini zinafanya kazi.

Poti na waya

Usiamini maandishi ya kwenye boksi la ruta. AC1200 ni jumla ya kasi za Wi-Fi kwa nadharia; haisemi lolote kuhusu poti. TP-Link Archer C50 ina AC1200 kwenye boksi na poti zake ni za megabiti 100. Archer C6, inayofanana nayo kwa jina na umbo, ina poti za gigabiti. MikroTik hAP lite, kile kiboksi kidogo kinachopendwa kwenye hotspoti za mitaani, ina poti za megabiti 100 na Wi-Fi ya GHz 2.4 peke yake. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, lakini hakifai kwa kifurushi cha 200. Muuzaji akikuambia "hii ni ya spidi kali", mwombe karatasi ya sifa na utafute maneno 10/100/1000. Ukiona 10/100 pekee, irudishe kwenye rafu.

Kwenye viboksi vingine vya faiba ni poti moja tu yenye gigabiti na zilizobaki ni za 100. Hamisha waya kutoka poti moja hadi nyingine ukisoma kasi ya kiungo. Ni jaribio la bure.

Kuhusu waya: ndani yake kuna nyaya 8 kwa jozi nne. Megabiti 100 hutumia nyaya nne tu, nambari 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote 8. Uzi mmoja kati ya zile nne zilizobaki ukikatika au usipofika mwisho wa kichwa, vifaa vingi vinapatana kushuka hadi 100 bila kukuambia chochote. Ndiyo maana waya uliofanya kazi miaka minne unaonekana "kuharibika" siku uliyopandisha kifurushi. Haukuharibika juzi, ila haukuwahi kuulizwa.

Shika kichwa cha waya kwenye mwanga na uhesabu rangi kupitia plastiki, kile kijiulimi kikitazama chini: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Shaba ya kila uzi lazima iguse ukuta wa mbele wa kichwa. Kama uzi wa kahawia umebaki milimita mbili nyuma, kata kichwa na ubane kipya. Ncha zote mbili zifuate mpangilio huohuo.

Waya wa Cat5e wa shaba halisi unabeba gigabiti hadi mita 100, hivyo huhitaji Cat6 ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Unachohitaji ni shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya ngozi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa. Hukatika ukiipinda, na kwenye umbali mrefu hupoteza nguvu. Roli lake pia huwa jepesi mkononi kuliko la shaba.

Wi-Fi, mahali ambapo megabiti nyingi hupotelea

Masafa ya GHz 2.4 yanafika mbali na kupenya ukuta, ila ni finyu na yamejaa. Chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukiwa Kaloleni au Ngarenaro za Arusha, au Majengo ya Moshi, ambako nyumba zimebanana, fungua orodha ya mitandao kwenye simu uhesabu majina. Wote hao wanazungumza kwenye chaneli hizo tatu, na wakati jirani anapozungumza ruta yako inasubiri. Kwa mazingira hayo megabiti 30 hadi 50 ni za kushukuru.

GHz 5 ina nafasi kubwa. Simu ya kawaida yenye Wi-Fi 5, ukiwa chumba kimoja na ruta, itapata megabiti 200 na zaidi bila jasho. Udhaifu wake ni ukuta. Nyumba zetu ni za tofali la saruji la inchi 5 au 6 lenye plasta pande zote mbili. Ukuta mmoja unapunguza, wa pili unakula karibu chote, na zege la ghorofa ni kama mlango uliofungwa.

Ruta nyingi hutoka na jina moja kwa masafa yote mawili na simu huchagua yenyewe. Simu nyingi huchagua vibaya. Tenganisha majina: jina la kwanza liishie na 2, la pili na 5. Runinga, laptopu na simu za sebuleni ziweke kwenye 5. Kamera, printa na swichi za taa zibaki kwenye 2. Kwenye GHz 5 anza na chaneli kati ya 36 na 48, upana wa MHz 80. Kwenye 2.4 weka upana wa MHz 20, maana 40 mjini ni kujitafutia ugomvi na majirani.

Kuna mtego mmoja kwenye usalama wa Wi-Fi. Ukiweka ulinzi wa zamani, yaani WEP au WPA ya TKIP, ruta inarudi kwenye kasi za zamani, kiungo cha megabiti 54, na kwa vitendo unapata 20 au 25 hivi. Weka WPA2 ya AES, au WPA3 kama vifaa vyote vinaikubali. Wakati huohuo badilisha nenosiri. Nyumba ya wapangaji watatu ambayo nenosiri halijabadilika tangu 2021 inahudumia watu wengi kuliko unavyodhani.

Mahali pa ruta: juu, wazi, katikati ya nyumba. Adui zake ni kabati la runinga, kioo cha kujitazamia, tangi la samaki, grili nzito za chuma dirishani na friji. Waya wa faiba kwa kawaida huingia kwenye pembe ya nyumba iliyo karibu na nguzo, na fundi huacha kila kitu hapo kwa sababu ndipo waya ulipoishia. Mwombe akupe mita za ziada, au vuta waya wa mtandao wa mita 15 hadi sebuleni na uhamishe ruta tu.

Nyumba kubwa za Njiro au Shanty Town, zenye nyumba ndogo ya nje, hazitafunikwa na ruta moja. Wengi hununua kirudishi cha mawimbi cha kuchomeka ukutani. Vingi vya bei ya chini hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo hukata kasi karibu nusu, tena baada ya ukuta kuchukua sehemu yake. Vuta waya wa nje hadi nyumba ya pili na ufunge kituo kingine cha Wi-Fi huko. Hugharimu siku moja ya fundi na hutasikia habari zake tena.

Kamera zinazopakia kimya kimya

Kupakua hutegemea kupakia: pakiti zinapofika, kifaa chako hurudisha taarifa kwamba zimefika. Njia ya kupakia ikijaa, taarifa hizo huchelewa na kupakua kunapooza. Kamera nne zinazotuma picha mawinguni kwa megabiti 2 kila moja zinakula 8. Kama kifurushi chako kina 10 za kupakia, zimebaki 2 za nyumba nzima. Dalili yake: ucheleweshaji wa milisekunde 15 asubuhi unaruka hadi 300 mtu akianza kupakia. Chomoa kamera dakika mbili, pima. Zikiwa ndizo, zielekeze kurekodi kwenye diski ya ndani na zitume tu zinapoona mtu.

Faiba yenyewe

Fungua ukurasa wa kiboksi, mara nyingi ni 192.168.100.1 au 192.168.1.1, namba iko kwenye stika ya chini. Tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa dBm. Kati ya -15 na -25 ni salama. Ikifika -27 uko ukingoni: makosa yanaongezeka, muunganisho unakatika na kurudi, na spidi inayumba bila mpangilio. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa.

Sababu ni za kawaida: waya umekunjwa nyuma ya kochi (usiukunje chini ya sentimita 3 kutoka katikati ya pindo), panya wamepita darini, lori limevuta waya unaovuka barabara. Kichwa cha kijani usikifute kwa shati, usikiunge na cha bluu, na usichungulie ndani yake. Hiyo kazi ni ya fundi mwenye kipimo.

Kama unatumia redio au laini ya simu

Kuelekea Ngaramtoni, Usa River, Kibosho au Marangu wengi wako kwenye ruta za 4G na 5G. Hapo kupandisha kifurushi kunainua kikomo cha karatasi, lakini redio inatoa inachoweza. Kwenye ukurasa wa ruta soma RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wake). RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni mbaya. SINR ikiwa juu ya 15 unaelea. Ikikaribia 0, megabiti ulizonunua zimebaki dukani. Sogeza ruta dirisha linalotazama mnara, izungushe kidogo kidogo, subiri dakika moja kila mara, na ufuate SINR badala ya vijiti vya mawimbi. Bati la paa huzuia sana, kwa hiyo antena ya nje iliyoinuliwa juu ya bati hubadilisha kila kitu. Na ukumbuke migomba na miparachichi hukua: njia iliyokuwa wazi wakati wa kufungwa inaweza kuwa imezibwa na majani yaliyolowa wakati wa masika.

Umeme na mambo madogo

Soma stika ya ruta na ya adapta. Ruta ya volti 12 na ampea 1.5 ikilishwa kwa adapta ya ampea 1 hujiwasha upya inapopata kazi nyingi, na kasi kubwa ni kazi nyingi. UPS ndogo zenye swichi ya volti 9 na 12 huachwa kwenye 9 kwa kusahau. Usiweke ruta juu ya king'amuzi. Joto linaipunguza kasi.

Kubadilisha DNS, ile huduma inayotafuta anwani za tovuti, kuwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8 hufanya kurasa zianze kufunguka mapema, lakini hakuongezi megabiti hata moja, video za mtandaoni ziseme zitakavyo. Na kama seva ya Dar inatoa 98 huku ya Ulaya ikitoa 6, tatizo liko mbali na nyumbani kwako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na Tanzania nzima ikasota. Siku kama hiyo usiguse ruta.

Kumpigia mtoa huduma

Ukisema "intaneti iko slow" utaambiwa uzime uwashe. Sema hivi: "Habari dada, akaunti yangu ni hii. Nimelipia megabiti 100 tangu tarehe moja. Kwa waya, kwenye poti ya kwanza ya kiboksi, seva ya Dar, napata 20 asubuhi na usiku, na kiungo kinaonyesha 1000. Mwanga ni -21. Naomba uangalie profaili iliyowekwa kwenye laini yangu." Maelezo hayo yanakuvusha hatua zote za mwanzo. Chukua namba ya lalamiko na jina la aliyekupokea. Wakikuzungusha, peleka namba hizo pamoja na picha za skrini TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma mwenyewe.

Fundi akija, asiondoke kabla hajapima kwa waya mbele yako, si kwa simu yake akiwa amesimama kando ya ruta. Aandike kwa kalamu ya wino mzito, kwenye mgongo wa kiboksi, kasi aliyopata, dBm na tarehe. Ndipo umsainie.